UZI: Deion Sanders, mshika mbili ambaye hakuponyokwa (besiboli, futiboli ya Kimarekani, na sasa ukocha)

Mlinda_Kona (#1)

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi wa wachezaji waliocheza ligi kubwa mbili nilimtaja Deion Sanders, mdau mmoja akauliza "huyo naye ni nani?" Jibu likawa refu kuliko uzi wenyewe, kwa hiyo nimemfungulia wake. Wasiofuatilia michezo ya Wamarekani msikimbie, panapohitaji maelezo nitaeleza.

Kwanza kalenda, maana ndiyo roho ya habari hii. Besiboli huanza karibu na Aprili na kuishia Oktoba, na kila timu hucheza mechi 162, yaani karibu kila siku. Futiboli ya Kimarekani huanza Septemba, mechi moja kwa wiki, na fainali yake, Super Bowl, huja mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Mtu akitaka kucheza yote mawili, mgongano uko Septemba na Oktoba. Bahati mbaya hiyo ndiyo miezi ambayo besiboli inaamua bingwa na futiboli inaamua nani ana namba.

Deion alizaliwa tarehe 9 Agosti 1967, Fort Myers, Florida. Shuleni alicheza futiboli, besiboli na kikapu, na jina la utani la "Prime Time" alilipata huko huko. Akaenda chuo kikuu cha Florida State chini ya kocha Bobby Bowden. Mwaka 1988 akashinda tuzo ya Jim Thorpe, ambayo hupewa beki bora wa nyuma wa vyuo. Huyo Jim Thorpe naye alicheza besiboli na futiboli kwa malipo karne iliyopita ilipokuwa changa, juu ya dhahabu zake za Olimpiki ya 1912. Kwa hiyo kijana alipewa kombe lenye jina la mtu wa ukoo wake, tuseme hivyo.

Mwaka huo wa 1988 New York Yankees wakamchagua kwenye drafti ya besiboli (zoezi ambalo timu huchagua vijana kwa zamu), raundi ya 30. Raundi ya 30 ni kama kusema "tukikupata sawa, tukikukosa sawa". Aprili 1989 Atlanta Falcons wakamchagua wa 5 nchi nzima kwenye drafti ya futiboli. Mtu mwenye hesabu za kawaida angeachana na besiboli siku hiyo hiyo. Yeye mwisho wa Mei akaingia uwanjani na jezi ya Yankees.

Halafu ikaja ile wiki ya Septemba 1989. Tarehe 5, akiwa na Yankees huko Seattle, alipiga homurani, yaani aligonga mpira ukavuka uzio. Tarehe 10, akiwa na Falcons katika mechi yake ya kwanza kabisa ya NFL (ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani), wapinzani walipiga mpira mrefu wa juu kuuondoa kwao, akaudaka, ukamponyoka, akauokota na kukimbia yadi 68 hadi mstari wa mwisho. Homurani na tachidauni ndani ya wiki moja, katika ligi kuu mbili tofauti. Hajatokea mwingine.

Nikimaliza kunywa chai naendelea na mwaka 1992. Huo ndio utamu.

---

MzeeKobe (#2)

Ndefu. Nani atupe muhtasari?

---

Kipilipili (#3)

Mkuu Mlinda_Kona, nakuheshimu ila hapa unatupiga chenga. Besiboli huyu jamaa alikuwa wa kawaida. Wastani wake wa kupiga katika maisha yake yote ni .263, yaani alifanikiwa mara 26 hivi katika kila 100. Homurani 39 katika mechi 641. Hiyo ni ya mtu wa benchi aliyepata bahati. Ukitaka mtu wa michezo miwili muongelee Bo Jackson: alichaguliwa mchezaji wa nyota wote besiboli mwaka 1989, akachaguliwa tena futiboli. Deion hajawahi kuchaguliwa nyota besiboli hata mara moja.

---

Mlinda_Kona (#4)

Kipilipili karibu, nilijua utakuja na Bo. Namba zako ni sahihi. Ila umezichota zote kwa pamoja ukaficha mwaka mmoja, nao ndio nilioufungulia uzi.

Besiboli ni mchezo wa kurudiarudia. Mrushaji anakutupia mpira unaokatika hewani, una chini ya nusu sekunde kuamua. Anayefanikiwa mara 3 katika kila 10 anahesabiwa fundi. Jicho hilo linajengwa kwa maelfu ya mipira, na ndiyo maana vijana wengi huzungushwa ligi ndogo miaka kadhaa kabla ya kupandishwa. Deion kila mwaka ulipokaribia mwisho alikuwa anaondoka kwenda kugongana na watu wenye helmeti.

Mwaka 1992, akiwa na Atlanta Braves, alicheza mechi 97 tu. Wastani .304. Mapigo ya vituo vitatu 14, mengi kuliko mtu yeyote katika ligi ya National mwaka huo, wakati wenzake walicheza mechi 150 na zaidi. Pigo la vituo vitatu ni adimu kuliko homurani kwa wachezaji wengi, maana mpira unabaki uwanjani na wewe unashindana nao kwa miguu hadi ufike kituo cha tatu. Huwezi kulipata kwa bahati mara 14.

Braves wakafika World Series, fainali ya besiboli, dhidi ya Toronto Blue Jays. Deion alicheza mechi nne akiwa na mfupa uliovunjika mguuni. Alipiga 8 katika 15, yaani .533, akaiba vituo 5, yaani alichomoka hadi kituo kinachofuata bila mwenzake kupiga mpira. Braves walipoteza kwa 4-2, na kwa sababu walipoteza watu hawaikumbuki. Wangeshinda, wale wanaomwita "wa kawaida" wangekuwa wachache.

Bo Jackson mimi simpingi. Kwa kipaji kitupu alimzidi Deion besiboli. Ila nyonga iliharibika Januari 1991 na futiboli ikaishia pale. Deion aliendelea kuvaa jezi mbili hadi 1997, mwaka ambao aliiba vituo 56 akiwa Cincinnati Reds halafu akaenda kulinda kona kwa Dallas Cowboys.

---

Nyundo_ya_Nai (#5)

Sasa hii ndiyo story! Salamu kutoka Nairobi. Wasee wa raga huku tunamkumbuka Daniel Adongo, Mkenya aliyecheza raga Afrika Kusini na New Zealand, kisha 2013 Indianapolis Colts wakamsajili bila kuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani maishani. Alicheza mechi chache, majeraha yakamsumbua, 2015 ikaisha. Kwa hivyo mtu asiniambie ni rahisi kuvuka kutoka mchezo mmoja hadi mwingine, hata inayofanana kwa macho.

Na kama uzi ni wa mchezaji PAMOJA na kocha, mbona hamjamtaja Andy Farrell? Alikuwa nahodha wa Great Britain kwenye raga ya watu 13 akiwa na miaka 21, akahamia ya watu 15 na kuchezea Uingereza kombe la dunia 2007, halafu kama kocha akaipa Ireland Grand Slam 2023 (ubingwa wa Six Nations bila kupoteza mechi) na Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, ushindi wa 2-1 kule Australia 2025.

---

Mlinda_Kona (#6)

Nyundo, Farrell anastahili uzi wake, ufungue nitakuja. Tofauti ni kwamba Farrell alihama. Deion hakuhama, alikaa milango miwili kwa wakati mmoja. Na hilo ndilo lililowakera watu.

Tarehe 11 Oktoba 1992, Jumapili. Braves wako kwenye nusu fainali na Pittsburgh. Jumamosi usiku Deion yuko Pittsburgh na timu ya besiboli. Usiku ule ule anapanda ndege ya kukodi kwenda Miami. Jumapili mchana anacheza na Falcons dhidi ya Dolphins, wanafungwa 21-17. Anapanda ndege tena kurudi Pittsburgh, jioni yuko kwenye benchi la Braves kavaa jezi. Na hakuingizwa! Amezunguka kote huko asiguse gongo.

Viongozi wa Braves hawakupendezwa, wao walidhani wameelewana kwamba kipindi cha mtoano yeye ni wao peke yao. Mtangazaji Tim McCarver, aliyekuwa mdakaji wa zamani, akamsema hewani kwamba amewakosea wenzake. Braves walipofuzu, kwenye chumba cha kubadilishia nguo watu wanamwagiana shampeni, Deion akamfuata McCarver na ndoo ya maji. Akammwagia. Akarudia. Akarudia tena. Mara tatu, mtangazaji kavaa suti yuko kazini.

Mimi hapo simtetei. Ulikuwa utoto. Lakini unaona jinsi swali la "wewe ni wa nani hasa" lilivyokuwa linamuuma.

Kulikuwa na lingine 1990, Yankee Stadium. Deion aliingia kupiga, akachora alama ya dola kwenye udongo kwa gongo, akapiga mpira mwepesi wa juu na hakujisumbua kukimbia. Mdakaji wa White Sox, Carlton Fisk, mzee wa miaka 42 kwenye mchezo ule, akamfokea akimbie. Deion baadaye akamjibu kwamba enzi za utumwa zimekwisha. Karibu wazichape. Wapo wanaosema Fisk alikuwa analinda heshima ya mchezo, wapo wanaosema alimwona kijana mweusi mwenye mikufu ya dhahabu akasahau mipaka. Nadhani yote mawili yalikuwepo pale.

---

Dada_wa_Tabata (#7)

Kaka Mlinda_Kona, samahani, sisi wengine tumekwama nyuma. Umesema "kulinda kona". Hiyo kona ni ipi? Ni kama beki wa pembeni wa mpira wetu? Na kwa nini wanasema alikuwa bora wakati beki hafungi?

---

Mlinda_Kona (#8)

Dada, swali zuri, nilitakiwa kulieleza mapema.

Katika futiboli ya Kimarekani kuna mrusha pasi, kwotabeki. Anawarushia wapokeaji wanaokimbia mbele. Konabeki ni beki anayepewa mpokeaji mmoja amfuate kama kivuli, mara nyingi peke yake bila msaada, tena mpokeaji ndiye anayejua anakwenda wapi na beki hajui. Akizidiwa nusu hatua ni tachidauni na uwanja mzima umeona ni kosa la nani.

Kazi hiyo ina ajabu yake: ukiwa bora kupita kiasi, takwimu zako zinapungua. Kwotabeki anaacha kurusha upande wako. Makocha wa wapinzani walikuwa wanapanga mechi kana kwamba theluthi ya uwanja haipo, kwa sababu Deion alikuwa amesimama huko. Sasa wenzake wa upande wa pili wanajua pasi zote zitakuja kwao, wanajipanga. Faida hiyo haiandikwi popote.

Hata hivyo alinasa pasi 53 za wapinzani, 9 kati yake akazirudisha hadi tachidauni. Mwaka 1994 alisaini San Francisco 49ers kwa msimu mmoja, kwa pesa ndogo kuliko alizoahidiwa kwingine, akitafuta ubingwa. Alinasa pasi 6, akafunga kwa 3 kati ya hizo, akachaguliwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi nzima, na Januari 1995 wakawapiga San Diego Chargers 49-26 kwenye Super Bowl. Mwaka uliofuata Cowboys wakampa mkataba wa miaka 7 wenye thamani ya dola milioni 35, akashinda Super Bowl tena, sasa dhidi ya Pittsburgh Steelers, 27-17. Ubingwa wa miaka miwili mfululizo na timu mbili tofauti.

Hadi leo ni mtu pekee aliyecheza Super Bowl na World Series.

Lawama yake kubwa ilikuwa kuangusha watu. Hakupenda kukaba kwa kugongana. Mtu mwenye mpira akija na kilo 110, Deion alikuwa anatafuta pembe ya heshima ya kukwepa. Mashabiki wake wanasema alikuwa analinda mwili wa kazi mbili. Kipilipili atasema alikuwa mwoga.

---

Kipilipili (#9)

Mwoga ndiyo. 😂 Ila nakubali konabeki bora kuwahi kutokea ni yeye. Futiboli sina ubishi, 2011 aliingia ukumbi wa mashujaa kule Canton mwaka wa kwanza kabisa aliostahili kupigiwa kura. Ukumbi wa besiboli hayumo wala hatakuwemo. Kwa hiyo kichwa cha uzi kirekebishwe: alishika mbili, moja ilimponyoka KIDOGO.

---

Mbebaboksi_Texas (#10)

Wakuu, mimi niko huku Dallas, niwaongezee la ukocha maana mmelisahau.

Huku watu walimjua kama kocha wa watoto kabla ya kuwa kocha wa vyuo. Kulikuwa na shule aliyoshiriki kuianzisha, Prime Prep, ikaja kufungwa 2015 baada ya matatizo mengi ya uendeshaji. Hiyo ni doa na lazima isemwe, msiweke sifa tupu. Baadaye alikuwa kwenye benchi la ufundi la shule ya Trinity Christian, Cedar Hill, wanawe wakicheza hapo.

Septemba 2020 akatangazwa kocha mkuu wa Jackson State, Mississippi. Hicho ni kimoja cha vyuo vya kihistoria vya watu weusi. Zamani vilitoa magwiji wa NFL, kwa sababu vyuo vikubwa vya kusini vilikuwa havipokei weusi. Walter Payton alitoka hapo hapo Jackson State. Ubaguzi rasmi ulipovunjwa, vyuo vyenye pesa vikaanza kuwachukua vijana wale wale, na hivi vikabaki na viwanja vibovu na bendi nzuri.

Deion alifika na kamera zake na maneno yake. Msimu wa kwanza, uliosogezwa hadi machipuko ya 2021 kwa sababu ya korona, walishinda 4 wakapoteza 3. Uliofuata 11-2. Wa 2022 ukawa 12-1. Mabingwa wa ligi yao mara mbili mfululizo, ingawa mara zote mbili walipoteza Celebration Bowl, ile mechi ya mwisho wa msimu. Desemba 2021 akampata Travis Hunter, kijana aliyekuwa akihesabiwa namba moja nchini, aliyekuwa ameahidi kwenda Florida State, chuo cha Deion mwenyewe! Kijana namba moja kwenda chuo kidogo cha Jackson, watu walidhani ni utani.

Na humo katikati alilazwa. Mwaka 2021 damu iliganda mguuni baada ya upasuaji, wakamkata vidole viwili vya mguu wa kushoto. Kwa muda aliongoza mechi akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

---

Dada_wa_Tabata (#11)

Mguu ule ule wa mbio. Maskini.

Lakini Mbebaboksi, mbona aliondoka? Nimesoma kwamba Desemba 2022 alikwenda chuo kikuu cha Colorado. Aliwaambia wale vijana na wazazi wao kwamba anajenga vyuo vya watu weusi, misimu mitatu tu kaondoka na wachezaji bora akiwemo huyo Travis na mwanawe. Huku kwetu tungemwita msaliti.

---

Mbebaboksi_Texas (#12)

Huku pia wapo waliomwita hivyo, Dada. Na wapo waliosema kocha mzungu akipanda ngazi anapongezwa, mweusi akipanda anaulizwa kuhusu jamii. Mimi niko kati. Aliacha timu yenye jina kuliko alivyoikuta, ila ahadi zake zilikuwa kubwa kuliko misimu mitatu.

---

Mlinda_Kona (#13)

Asante Mbebaboksi, umenisaidia kufika nilikotaka.

Colorado 2022 walishinda mechi 1 wakapoteza 11. Deion alipoingia, sheria za vyuo zilikuwa zimebadilika: mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa nje mwaka, na anaruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina lake. Makocha wengi wazee walikuwa wanalalamika. Yeye aliwaambia waziwazi wachezaji aliowakuta kwamba wengine wafungashe, kwa sababu anakuja na watu wake. Waliobaki walihesabika. Ni ukatili, sitaupamba. Mechi ya kwanza wakawapiga chuo cha TCU 45-42, timu iliyokuwa imetoka kucheza fainali ya taifa. Kisha pumzi ikakata, wakamaliza 4-8. Mwaka 2024 wakafanya 9-4.

Sasa sikilizeni. Travis Hunter alitaka kucheza pande zote mbili, mpokeaji wakati wa kushambulia na konabeki wakati wa kulinda. Katika futiboli ya leo hilo halifanyiki. Kila mtu ana kazi moja, anapumzika wenzake wakiwa ndani. Kocha wa kawaida angemwambia kijana achague, kwa nia njema kabisa, ya kulinda mwili wake. Deion hakumwambia. Angemwambia kwa mdomo upi? Mwaka 1996 yeye mwenyewe akiwa Dallas alicheza konabeki na mpokeaji msimu mzima, akadaka pasi 36.

Msimu wa 2024 Hunter alidaka pasi 96 kwa yadi 1,258 na tachidauni 15, na upande wa ulinzi akanasa pasi 4 za wapinzani. Akapewa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Jacksonville Jaguars wakamchagua wa 2 kwenye drafti ya 2025.

Hapo ndipo ninapouona ukocha wake, kuliko kwenye kushinda na kushindwa. Mbinu za uwanjani wapo wanaomzidi, tena wengi. Anachojua yeye kwa mwili wake ni namna ya kupanga wiki ya mtu mwenye kazi mbili: mazoezi yapi aruke, alale lini, kikao gani cha video aingie na kipi aachwe.

---

Kipilipili (#14)

Hapo kwa Hunter umenipata, nakiri hoja imekaa. Lakini watoto wake je? Shedeur alikuwa kwotabeki wa baba Jackson, kwotabeki wa baba Colorado. Aprili 2025 chuo kikastaafisha jezi yake namba 2 pamoja na 12 ya Hunter, wakati timu haikushinda hata mechi moja ya baada ya msimu. Siku chache baadaye ikaja drafti, watu wakisema ataenda raundi ya kwanza, akaachwa hadi raundi ya tano, wa 144, Cleveland Browns. Huko ndiko ulipo mwisho wa kubebwa.

---

Mlinda_Kona (#15)

Jezi ya Shedeur nakuunga mkono, walifanya haraka. Ya Hunter ingetosha. Ila kijana alikuwa na usahihi wa pasi wa kweli, hilo haligawiwi na baba. Kushuka hadi 144 kulikuwa na mchanganyiko wa mambo, na jina la ukoo liliwachosha baadhi ya timu kabla hata hawajamhoji.

---

Nyundo_ya_Nai (#16)

Na afya yake saa hii? Nilisikia habari za saratani.

---

Mbebaboksi_Texas (#17)

Julai 2025 alitangaza kwamba alikutwa na saratani ya kibofu cha mkojo, wakakitoa kibofu chote, na daktari wake akasema amepona. Alikaa mbele ya waandishi akaeleza hadi mambo ya kuvaa nepi usiku, akawahimiza wanaume wakapime. Aliyemwagia mtu ndoo ya maji kwa kuambiwa ukweli ndiye aliyekaa kusema hayo. Kisha akarudi mazoezini.

---

MzeeKobe (#18)

Nimesoma yote, mmeniweza. Sasa nipeni mechi MOJA ya kutafuta video yake. Moja tu, bando langu si la mchezo.

---

Mlinda_Kona (#19)

Mzee wangu, tafuta 49ers na Falcons, 16 Oktoba 1994, Atlanta. Amerudi uwanja wa timu yake ya zamani akiwa na jezi ya wageni. Ngumi zilirushwa kati yake na rafiki yake wa zamani Andre Rison. Kisha akanasa pasi na kukimbia nayo yadi 93, na alipofika mbele ya benchi la Falcons akapunguza mwendo, akanyanyua magoti juu, akawatazama mmoja mmoja. Iliisha 42-3. Usiangalie yote, bando litaisha, anza pale pasi inaporushwa.

---

MzeeKobe (#20)

Nimeiona. Huyo mtu hana adabu kabisa. Naitazama tena.